Mtungi wa gesi wa akiba kwa safari za Kusini: upi ununue, uubebe wapi

Harufu ilianza kusikika tukiwa hatujafika Mingoyo. Shemeji ndiye aliyeuliza kwanza: "Njomba, mmeacha kitu kinaoza huko nyuma?" Hakuna kilichooza. Mtungi wa kilo 6 tulikuwa tumeulaza chini ya magodoro, kichwa cha jiko kikiwa bado kimefungwa juu yake, na mguu wa kiti cha kukunja ulikuwa umeisukuma koki kidogo kidogo tangu Mikindani. Tukasimama, tukafungua milango yote ya Hiace, watoto wakapelekwa upande upepo unakotokea, na hakuna aliyegusa swichi hata ya taa. Mtungi tukaufunga koki, tukauweka mbali. Kisha tukakaa chini ya mkorosho karibu saa nzima, gari likipigwa na upepo.

Hiace hilo tulilitoa viti vya nyuma, tukaweka kitanda na meza ya kupikia. Tunakwenda nalo Msimbati, Kilwa, Masasi, popote panapolalika. Mtungi wa akiba ni wa lazima, hilo silibishani na mtu. Mei 2024 mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya zilipokata barabara pale Somanga, waliokwama njiani walijua thamani ya kuweza kuchemsha uji wa mtoto. Ninalobishania ni ukubwa wa mtungi wenyewe na mahali pa kuuweka, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea bure.

Kwanza tuielewe gesi. Watu wa Mtwara tuna utani wetu kwamba gesi ni ya kwetu, iweje tununue ya mtungi? Ile ya Mnazi Bay na Songo Songo ni methani, nyepesi kuliko hewa, ndiyo inayokwenda Dar es Salaam kwa bomba. Ya mtungini ni mchanganyiko wa propani na butani, inaletwa kwa meli, na ni nzito: propani inaizidi hewa mara moja na nusu, butani karibu mara mbili. Ikivuja ndani ya gari haitafuti dirisha. Inashuka sakafuni, inatambaa chini ya viti na godoro, inatulia. Kilo moja ikitoka yote huwa mvuke wa lita 450 hadi 500, na hewa ikishakuwa na asilimia 2 tu ya gesi hiyo, cheche moja inatosha. Kwa gari la ukubwa wa Hiace, nusu kilo inaweza kukufikisha hapo.

Ukubwa: nauweka wa kilo 6 mbele

Jiko la kichwa kimoja likiwaka kwa nguvu zote hula kama gramu 200 kwa saa. Kwa hiyo kilo 6 ni saa 30 za moto mkali. Familia ya watu watano inayopika mara mbili kwa siku haiwezi kuzimaliza mwisho wa wiki hata ikichemsha maharage makavu. Ndiyo maana wa kilo 6 ndio chaguo langu la kwanza: mtu mmoja anaubeba, unakaa wima kwenye kreti ndogo, na ndio ninaoukuta maduka mengi, mpaka vijijini.

Wa kilo 3 unafuata. Kwa watu wawili wanaokwenda kulala siku mbili pwani ya Msimbati, huo ni bora kuliko wa 6, na mtu asikucheke. Shida yake ni kuubadilisha ukishaisha. Nje ya mji nimeshaambiwa "hatuna, labda wa sita" mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Wa kilo 15 uache jikoni nyumbani. Ukijaa unakaribia kilo 30 pamoja na chuma chake. Kwenye breki ya ghafla hiyo ni bonge la chuma linalotafuta mgongo wa dereva. Wenye biashara ya kupikia watu minadani msimu wa korosho wanauhitaji, lakini wao wana pikapu.

Vikopo vya gesi ya butani, vile vya majiko ya mkoba, nimeviweka mwisho. Vinafaa kwa chai. Havifai kuachwa kwenye gari lililofungwa juani, ambamo joto linaweza kupita nyuzi 50, na kwa jua la Lindi gari gani halijawahi kuachwa juani?

Kuhusu kampuni sina mapenzi na yoyote. Kanuni yangu ni moja, mtungi wa akiba uwe wa kampuni ileile na mdomo uleule kama ule unaoutumia, maana reguleta au kichwa cha jiko cha mtungi mmoja si lazima kikae kwenye mwingine. Halafu ulizia kabla ya kuondoka. Kama unakwenda Liwale au Nachingwea, mpigie ndugu aliyeko huko akutazamie madukani kuna mitungi ya nani. Mtungi ambao hauwezi kubadilishwa uendako, ukishaisha, ni chuma cha kutembeza.

Wageni wanaovuka Daraja la Umoja pale Mtambaswala na magari yao ya kulala kutoka Afrika Kusini hulijua hilo kwa uchungu, kwa kuwa mitungi yao haina wa kuibadilisha nayo. Hapo hutokea kijana mwenye mpira na ufundi, anajitolea kuhamisha gesi kutoka mtungi mmoja hadi mwingine. Usikubali. Kiwandani mtungi hujazwa kama asilimia 80 hadi 85, nafasi inayobaki ni ya gesi kutanuka joto likipanda. Kijana hana mizani wala hajui ameacha nafasi kiasi gani.

Mahali pa kuubeba

Hapa ndipo ningetaka usome polepole, kwa sababu mtungi mzuri ukiuweka pabaya ni kazi bure.

Namba moja ni kreti ya chuma, nje ya gari. Kwenye pikapu iweke ndani ya bodi, nyuma ya kichwa cha gari, pembeni. Kwenye Hiace yangu nilitengenezewa kishikilio kwenye mlango wa nyuma, upande usio na ekzosi. Nilikwenda kwa fundi wa kuchomelea pale mjini Mtwara na mtungi wenyewe mkononi. Akapima kiuno chake kwa futi kamba, akachora chini kwa chaki, akakata engo nne na pete mbili za chuma bapa, moja ya chini na moja inayofunguka kwa bawaba. Kabla hajawasha mashine aliniambia niurudishe mtungi nyumbani. Nikamwambia ni mtupu. "Mtupu ndio mbaya zaidi," akasema, na hakugusa kazi mpaka nilipoondoka nao. Ukipata fundi wa namna hiyo, mlipe anachotaka. Chini ya kreti weka kipande cha tairi kuukuu, chuma kisisuguane na chuma.

Ubaya wa nyuma ya gari ni kugongwa. Kwa hiyo kishikilio kisitokeze kupita bampa.

Namba mbili ni kabati lililozibwa, kama una fundi seremala mwaminifu. Kabati linafunguliwa kutoka nje tu, halina tundu hata la sindano linaloingia ndani ya gari, na sakafuni mwake lina tundu la kutolea hewa linaloshuka mpaka chini ya gari, mbali na ekzosi. Gesi nzito ikivuja inamwagika barabarani. Magari ya kulala yanayotoka kiwandani hutengenezwa hivi, na likitengenezwa sawasawa kabati linaishinda hata kreti yangu, hasa kwa kutu na wezi. Nimelishusha namba mbili kwa sababu moja: makabati mengi niliyoyaona yana tundu pembeni juu, eti la "hewa". Tundu la juu halisaidii kitu.

Namba tatu ni keria ya juu. Upepo upo, lakini jua lote ni la mtungi, kuupandisha ni kazi, na matawi ya mikorosho kwenye njia za Tandahimba hayana adabu. Ukilazimika, uwe wima ndani ya kreti, umefunikwa na turubai jeupe lisilobana.

Kwenye buti au katikati ya viti ni namba ya mwisho, na nakubali kwa safari moja tu: kutoka dukani hadi nyumbani, wima, vioo wazi, hakuna anayevuta sigara, na unashushwa mara mnapofika. Kulala nao ndani ya gari, hapana. Basi la abiria nalo si mahali pake.

Nimesema wima mara kadhaa kwa sababu ukiulaza, gesi ya maji, yaani ile iliyo bado kimiminika, huja mdomoni. Vali ya usalama ikifunguka kwa joto itatoa maji badala ya mvuke, na tone moja la maji hayo hutanuka kuwa mvuke zaidi ya mara 200.

Kufungia, nunua mikanda ya mzigo yenye kikazio cha chuma, miwili. Mipira ya tyubu tunayofungia magunia kwenye bodaboda inanyumbuka, na barabara ya vumbi itailegeza kabla hujafika mbali. Kichwa cha jiko kifunguliwe, kisafiri peke yake kwenye ndoo, na mdomo wa mtungi uvae kifuniko chake. Mtungi mzima wa kuzimia moto wa poda uwe karibu na dereva, usiwe chini ya magodoro kama wangu ulivyokuwa siku ile.

Dukani, omba upimiwe. Uzito wa mtungi mtupu umechapwa kwenye chuma. Ongeza 6, ndiyo namba ya kuisoma kwenye mizani. Lakiri ya mdomoni iwe nzima na uiache hivyo mpaka siku ya kuutumia. Upindue kidogo utazame kitako, maana chumvi ya pwani huanza kula hapo, na ukikuta kutu inayobanduka kwa ukucha mrudishie muuza duka akupe mwingine. Akikunja uso, duka la pili halipo mbali. Nyumbani chota povu la sabuni ya unga, upake mdomoni na kwenye koki, uangalie vipovu kwa dakika moja hivi, ndipo uufunge kwenye kreti.