Kabla Hujalipia Chatboti ya Ofisi, Iulize Saa

Julai iliyopita, saa tisa na nusu usiku, simu yangu iliita. Nina ofisi ndogo ya kupandisha wageni Kilimanjaro, hapa Moshi. Alikuwa mlinzi wa nyumba ya wageni kule Shanty Town. "Samahani dada, wageni wako wako hapa getini na mabegi yao. Wanasema gari limewatelekeza." Mume na mke, wazee wa miaka sabini na kitu, walikuwa wanangoja gari lililopangwa kufika saa tatu asubuhi.

Nikapanda bodaboda na kanga juu ya sweta, maana Moshi ya Julai mnaijua. Nikawakuta kwenye benchi la mlinzi wanakunywa chai ya chupa yake. Yule bibi hakugomba, alininyooshea simu tu. Ujumbe ulikuwa na nembo yetu, kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu: dereva atawafuata 3:00 a.m. Nilipofungua grupu la ofisi nikaona chanzo. Dereva wetu, mzee wa Kibosho ambaye hajawahi kuchelewa tangu nimfahamu, alikuwa ameandika jioni: "Wale wazee nawabeba saa 3 asbh." Chatboti, programu yetu ya kujibu wageni yenyewe, ikaona 3, ikaona asbh, ikawatumia wageni papo hapo bila kumuuliza mtu.

Chatboti hiyo niliilipia milioni 2 na laki 4, na laki na nusu kila mwezi "ya seva". Nilipokisimulia kisa hiki hapa kwa ufupi, nikadhani ni mkosi wangu peke yangu. Wasomaji mkanijaza meseji. Kuna dada wa kliniki ya meno Arusha ambaye wagonjwa wake wa saa nne asubuhi waliambiwa waje saa kumi jioni, daktari ameshaondoka. Kuna katibu wa SACCOS huku Marangu ambaye mwaliko wa mkutano mkuu ulitoka na saa ya kuchekesha, na wanachama wakaja kwa mafungu mawili. Kwa hiyo mwongozo huu wa kuchagua AI (akili mnemba) ya ofisi nimeuandika na hasira kidogo, mnivumilie.

Sitapoteza muda kwenye kasi, wala nani anaandika barua pepe tamu zaidi. Siku hizi zote zinaandika vizuri, na barua ya kuomba radhi kwa mgeni aliyepotelewa na begi uwanja wa ndege wa KIA utaipata kokote. Mimi nauliza kitu kimoja: inajua saa?

Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza. Saa moja asubuhi ni 07:00, saa sita mchana ni 12:00, saa sita usiku ni 00:00. Mtoto wa darasa la pili analijua hilo. Lakini mashine hizi zimelishwa maandishi ya Kiingereza kuliko ya lugha nyingine yoyote, na nyingine, kama ile yangu, zimeundwa zitafsiri kwanza ujumbe kwenda Kiingereza ndipo zifanye kazi. Hapo katikati "tatu" inabaki kuwa tatu na jua linasahaulika. Ukiandika kwa tarakimu ni balaa zaidi, na madereva wetu wote wanaandika kwa tarakimu.

Fikiria kazi ya mlimani. Kundi linatoka kambi ya Barafu saa sita usiku ili lifike Uhuru, mita 5,895, jua likichomoza. Sasa mwambie mgeni kwamba mnaondoka saa 6 "at night". Atakuwa amevaa buti na taa kichwani kabla hata ya chakula cha jioni, na mpishi bado anamenya viazi.

Jaribio langu ni meseji nne, na ninaomba muuzaji yeyote azipitishe mbele yangu kabla sijafungua pochi:

"Mgeni achukuliwe saa 11 alfajiri." Jibu ni 05:00.
"Chakula cha mchana saa sita na nusu." 12:30.
"Ndege inatua saa 4 kasoro robo usiku." 21:45.
"Tunaondoka saa nane usiku wa kuamkia Jumatano." 02:00, tena Jumatano yenyewe, siyo Alhamisi.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayowaumbua wengi. Hata ikipatia saa, inateleza kwenye siku.

Haya, tupange.

Namba moja kwangu ni Gemini, AI ya Google, iliyomo ndani ya Google Workspace, kile kifurushi chao cha barua pepe na mafaili ya ofisi, na nasema wazi kwamba naipendelea. Hakuna anayenilipa, wakitaka kunilipa namba yangu wanaijua. Sababu ya kwanza ni bei. Zamani Gemini ilikuwa inauzwa kando, dola 20 kwa mtu kwa mwezi. Tangu Januari 2025 Google wameiingiza ndani ya vifurushi vya biashara, na kile cha Business Standard kikapanda kutoka dola 12 hadi 14 kwa mtu kwa mwezi ukifunga mkataba wa mwaka. Ofisi yetu ina watu wanne, tulikuwa tunalipia barua pepe hiyo tayari. Kwa hiyo AI imetugharimu dola mbili mbili za nyongeza.

Sababu ya pili ndiyo kubwa. Gemini ndani ya barua pepe inakuandikia rasimu, na wewe ndiye unayebonyeza kutuma. Kukosea saa nayo inaweza kukosea, hakuna hata moja ninayoweza kuiapia. Ila kosa linalala kwenye rasimu yangu, halilali kwenye simu ya bibi wa miaka sabini. Nasoma, narekebisha, natuma. Inanila dakika moja.

Halafu kuna kitu wanakiita Gem. Unaiandikia maelekezo mara moja, unaibandikia mafaili yako kutoka Drive, hifadhi yao ya mtandaoni, basi inakaa nayo. Yangu ina aya mbili tu juu ya saa. Nimeiambia kwa Kiswahili: saa zote kwenye meseji za madereva na waongozaji ni za Kiswahili; zigeuze kwa kuongeza au kupunguza sita; mgeni aandikiwe mfumo wa saa 24; na ukiona saa haina asubuhi, mchana, jioni wala usiku, usikisie, niulize. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyoniponya. Ratiba za njia zote tunazouza, Machame, Lemosho, Marangu, zimo kwenye faili moja la Drive, na nikibadilisha bei pale, Gem inasoma toleo jipya. Simpigii fundi simu.

Ya pili ni Copilot ya Microsoft, kama ofisi yenu inaishi kwenye Excel. Wahasibu, shule, watu wa mahesabu ya kahawa, nyie mtaipenda. Ilipotoka Novemba 2023 ilikuwa dola 30 kwa mtu kwa mwezi, juu ya leseni ya Microsoft 365 unayolipia tayari. Kwa ofisi ya watu wanne wa Moshi hiyo ilikuwa ada ya chekechea. Mnunulie mhasibu peke yake, wengine waendelee na maisha.

Ya tatu, jitengenezee mwenyewe ndani ya ChatGPT. Tangu Novemba 2023 mwenye akaunti ya Plus, dola 20 kwa mwezi, anaweza kuunda GPT yake bila kujua kuandika programu: unaipa maelekezo, unaipa mafaili, unawagawia wenzako kiungo. Wenzako hawalazimiki kulipia ili kuitumia, ila wana ukomo wa matumizi. Ipeni zile aya mbili za saa. Udhaifu wake ni kukopi na kubandika kutwa nzima, maana haikai ndani ya barua pepe yako.

Zote hizo utazilipia kwa kadi, hata ile ya Visa ya kwenye M-Pesa, na kumbuka kuijumlisha VAT kabla hujashangilia bei.

Za bure? WhatsApp Business ya kawaida ina salamu ya kuanzia, majibu ya haraka na ujumbe wa "hatupo ofisini". Kama biashara yako ni ya meseji kumi kwa siku, anzia hapo na usiendelee kusoma.

Ya mwisho ni chatboti ya kutengenezewa. Nitakaa hapa kidogo maana pesa zangu ziko hapa.

Kwanza, siyo kwamba chatboti ya kutengenezewa ni mbaya kwa asili. Hoteli ya vyumba mia inayopokea meseji usiku kucha inaihitaji, na fundi mwenye akili ataitia zile aya mbili kwa dakika tano. Tatizo ni wauzaji. Ukienda Kiboriloni kununua koti la mlimani la mtumba unalivaa, unalivuta zipu, unageuza mfuko nje ndani, na mama muuzaji anakungoja. Huyu wa chatboti alinionyesha video. Video! Chatboti kwenye video ilijibu maswali matatu, yote kwa Kiingereza, na mimi nikapiga makofi.

Bei aliniandikia dola 900. Nilikuwa mjinga, sikukumbuka kwamba tangu Machi 2025 kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza kumtangazia mtu bei ya ndani ya nchi kwa dola. Nilipomkumbusha baadaye akanigeuzia kwa shilingi, kwa kiwango alichokijua yeye. Risiti ya EFD nimeiomba mara nne.

Kisha akaanza kunitoza shilingi 80 kwa kila meseji, "hela ya Meta", yaani kampuni yenye WhatsApp. Sikilizeni vizuri hapa. Tangu Novemba 2024 Meta haitozi majibu unayompa mteja ndani ya saa 24 tangu alipokuandikia. Inatoza meseji za violezo, zile zilizoandaliwa tayari, unazoanzisha wewe, na tangu Julai 2025 hesabu hiyo ni kwa kila meseji. Wageni wetu karibu wote wanaanza wao. Gharama ya modeli ya AI ni jambo lingine, ipo, ningemlipa akiitaja kwa jina lake. Lakini muuzaji akikuambia kila jibu ni hela ya Meta, mwombe akuonyeshe ankara.

Baada ya usiku wa Shanty Town nilimpigia. Akanisikiliza kwa upole, "pole sana dada", halafu akasema kuielewesha saa za Kiswahili ni kipengele kipya, laki nne. Laki nne! Ofisi iko Moshi, madereva ni Wachaga na Wapare, saa za Kiswahili zikawa kipengele kipya.

Na msijidanganye kwamba mtamtupia chatboti lawama. Februari 2024 baraza moja la usuluhishi huko British Columbia, Kanada, liliamua kesi ya abiria aliyepewa na chatboti ya Air Canada maelezo yasiyo sahihi kuhusu nauli ya msiba. Shirika lilijitetea kana kwamba chatboti inajibeba yenyewe kwa inachokisema. Likaamriwa kulipa, jumla dola 812 za Kanada na senti zake. Pesa ndogo, lakini mlango umefunguka: kinachosemwa na chatboti yako umekisema wewe.

Tena kuna pasipoti. Wageni wanatuma picha za pasipoti ili tuombe vibali, na chatboti yangu ilikuwa inazihifadhi kwenye seva ambayo mpaka leo sijui iko nchi gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi tangu Mei 1, 2023, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Muulize fundi wako mafaili yanakaa wapi. Akianza kukohoa, umeshapata jibu.

Mwisho, namba. Sikujua kwamba namba yetu ya ofisi, iliyoandikwa kwenye milango ya gari mbili na kwenye bango la Double Road, aliisajili ndani ya akaunti yake ya biashara ya Meta, siyo yangu. Laini ninayo mimi kwenye droo. Lakini kuihamisha kunahitaji yeye azime uthibitisho wa hatua mbili, na kwa hilo anasema kuna ada ya kufunga mkataba. Kama utatengenezewa chatboti licha ya haya yote, fungua akaunti ya Meta kwa jina la biashara yako wewe, kisha umkaribishe fundi humo kama mgeni.

Sisi tumenunua laini mpya na kupaka rangi upya milango ya gari. Ile ya zamani bado iko hewani. Iandikie saa yoyote ya usiku uulizie Machame siku saba, utajibiwa ndani ya sekunde tatu, kwa Kiingereza safi na kwa bei zetu za mwaka jana.