Matembezi ya polepole Eloise Butler, Minneapolis: uzoefu wangu na mama mwenye magoti mabovu

Mama alikuja kutoka Kondoa mwezi wa saba, na kufikia wiki ya tano alikuwa amechoka kukaa ndani. Mimi nafanya shifti za usiku kwenye nyumba ya wazee. Nikirudi asubuhi nalala, naye anabaki dirishani anahesabu magari. Alikuwa anataka kukanyaga udongo, alisema hivyo hivyo: "Mwanangu, tangu nifike sijakanyaga udongo, ni zulia na lami tu."

Niliogopa, kwa sababu mwaka jana nilijiunga na kikundi kimoja ambacho sitakitaja. Tangazo lao liliandika matembezi mepesi, kumbe ni kilomita nane za mbiombio. Nilibaki nyuma peke yangu, nimetoka kazini sijalala, nafuata alama za rangi kwenye miti huku sauti zao zinapotea mbele. Safari hii nikawapigia simu kwanza waandaaji wa matembezi, nikauliza swali moja tu: mwendo anaupanga nani? Nikajibiwa kwamba anaupanga yule wa mwisho. Nikatuandikisha wawili.

Mahali penyewe ni Bustani ya Maua ya Porini ya Eloise Butler, ndani ya Theodore Wirth Park, upande wa magharibi wa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Si kubwa, ni kama ekari 15, na kuingia ni bure. Ilianza mwaka 1907. Bi Butler alikuwa mwalimu wa somo la mimea, akaona mji unapanuka na mimea ya asili inakwisha, akapigania kipande hiki kibaki. Ukiwa ndani unapita msituni, unaona sehemu ya majimaji, kisha unapanda hadi kwenye prairi, yaani mbuga ya nyasi. Hiyo ya juu iliongezwa mwaka 1944 na Martha Crone, aliyeitunza bustani baada ya Bi Butler.

Tulikuwa watu kumi na wawili, wengi wana mvi. Mwongozaji, dada mmoja mpole, alikuwa amebeba kistuli cha kukunja begani. Nilidhani ni cha kwake. Tulipofika kwenye mteremko wa kwanza akakikunjua, akamwekea mama bila kuulizwa, kisha akaanza kueleza habari za ndege pale pale ili wote tusimame. Hakuna aliyejiona anasubiriwa. Alifanya hivyo mara nne, na kila mara alikuwa na jambo la kuonyesha mahali hapo hapo.

Msituni kulikuwa na ubaridi mzuri, njia imetandikwa vipande vya mbao, laini kwa miguu. Alituonyesha mmea wa majani matatu matatu ambao ukiugusa ngozi inawasha kwa wiki nzima, akahakikisha kila mmoja ameutambua. Kisha akatuambia tunyamaze. Kuna kandege kadogo, kichwa cheusi na mashavu meupe, kanalia jina lake mwenyewe: chika-dii-dii. Hatari ikiwa kubwa zaidi, zile "dii" zinaongezeka. Tulihesabu tatu, tukapita kwa amani.

Ila mbuga ndiyo iliyotulipa. Ilikuwa mwisho wa Agosti, nyasi ziko juu kuliko kichwa cha mama, zimeanza kugeuka rangi ya zambarau. Juu kuna suke lenye vidole vitatu, ndiyo maana wenyeji huiita nyasi ya mguu wa bata mzinga. Mama alisimama. Kuchuma hairuhusiwi, kwa hiyo hakuchuma, lakini alishika shina kwa vidole viwili akapanda nalo fundo kwa fundo, kama anavyofanya shambani akitafuta funza. Akaniambia, "Muulize, huyu si ndugu yake mtama?"

Nikatafsiri. Yule dada alifurahi hadi akashika kifua. Ni kweli, akasema: nyasi hii, mtama na mahindi ni ukoo mmoja. Akaendelea kueleza kwamba mizizi yake inashuka mita mbili na zaidi, ndiyo iliyotengeneza udongo mweusi wa nchi hii kwa maelfu ya miaka, na udongo huo ndio ulioivutia plau. Prairi iliyobaki Minnesota haifiki asilimia 2 ya ile ya zamani. Sehemu kubwa ya ile iliyolimwa leo ni mahindi na soya. Nilipomtafsiria mama, alinyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo ndugu kamtoa ndugu nyumbani." Nayo nikaitafsiri. Watu wakanyamaza pia.

Wakaulizana habari za moto. Mwongozaji alieleza kwamba mbuga kama hizi huchomwa kwa makusudi ili miti isizimeze, na kwamba mwaloni wa pembeni una gome nene linalostahimili moto. Mama akaeleza wanavyochoma kwao kabla ya mvua, na lini ukichoma unaharibu. Kwa dakika kumi hivi yeye ndiye aliyekuwa anafundisha, amekaa kwenye kistuli, kanga begani, na wale wazee wa Kimarekani wamemzunguka wanauliza maswali. Mama yangu, ambaye nyumbani kwangu hata jiko huwa anaomba ruhusa kuliwasha.

Mwisho tulionyeshwa mmea wa maua ya njano ambao majani yake ya chini husimama yakielekea kaskazini na kusini. Mama alipima kwa mkono wake. Kutoka Minneapolis kibla iko kaskazini-mashariki, na mama anajua hivyo kwa sababu ya programu niliyomwekea kwenye simu. "Basi hata simu ikizima," akasema.

Kwa wanaotaka kwenda: bustani hufunguliwa masika hadi Oktoba, majira ya baridi imefungwa. Vaa suruali ndefu na soksi, jipake dawa ya mbu, na ukirudi jikague kupe nyuma ya magoti na kwapani. Njia ya kupandia mbugani ina mwinuko, mwenye fimbo aje nayo. Saa moja na nusu hatukufikisha hata kilomita mbili, na mama alilala usiku ule bila kupaka dawa ya magoti.

Tumeshajiandikisha tena Septemba, kabla hajaondoka. Ameomba safari hiyo tuanzie juu, kwa ndugu yake mtama, mbegu zitakuwa zimekomaa.