Kilainishi cha nguo kilichoandikwa «cha watoto»: tathmini ya mfuaji wa Tanga

Madukani Ngamiani na Chumbageni, na kwenye meza za sabuni karibu na soko la Mgandini, chupa ya kilainishi cha nguo yenye picha ya mtoto aliyelala imekuwa bidhaa ya kila siku, na mama anayejiandaa kujifungua huwekewa mbele yake pamoja na beseni, poda na sabuni ya mche. «Mama, hii ndiyo ya mtoto, nguo zinakuwa laini kama pamba,» ndivyo wauzaji wanavyosema. Nimeitumia chupa ya aina hiyo, yenye maji mazito ya rangi ya maziwa na harufu ya poda, kwa nguo za mtoto mchanga na za ndugu yake wa chekechea. Tathmini yangu hailengi kampuni fulani, kwa kuwa vilainishi vya aina hii karibu vyote hufanya kazi kwa njia ileile. Nguo za mtoto aliye chini ya mwaka hazikihitaji, na baadhi yake huharibiwa nacho. Kwa mtoto mkubwa asiye na matatizo ya ngozi, kina kazi chache ambazo kinazifanya vizuri.

Kilainishi si sabuni wala hakitoi uchafu. Ndani yake mna viambato vyenye asili ya mafuta ambavyo hubeba chaji chanya, na kwa kuwa nyuzi za pamba zikilowa huwa na chaji hasi, mafuta hayo huvutwa na kung'ang'ania kitambaa hata baada ya maji kukamuliwa. Ulaini tunaousikia mkononi ni utando huo mwembamba unaozifanya nyuzi ziteleze. Kwa maneno mengine, bidhaa hii imetengenezwa ili ibaki kwenye nguo, na mtoto ataivaa mchana na usiku, ataitolea jasho, na ataitafuna kwenye ukosi na kwenye ncha ya mkono wa shati.

Anayetaka kuuona utando huo achukue vipande viwili vya kanga kuukuu, kimoja kilichosuuzwa kwa maji matupu na kingine kilichopitishwa kwenye kilainishi mara kadhaa, avitandaze mezani na kudondosha tone la maji juu ya kila kimoja kwa ncha ya kidole. Kwenye kipande cha kwanza tone huzama mara moja na doa lake hutanuka pande zote. Kwenye cha pili tone hukaa juu ya kitambaa, limevimba na kung'aa, kisha ndipo huanza kunyweka polepole. Tofauti hiyo ndiyo sababu winda, nepi za kitambaa na taulo za mtoto zisiguswe kabisa na kilainishi, kwa sababu kazi yake yote ni kunywa maji, na winda lisilonywa huuacha mkojo ukizunguka kwenye mapaja na kuleta michubuko. Hali ni hiyo hiyo kwa fulana ya ndani. Wakati wa kaskazi, joto la Tanga likiambatana na unyevu wa bahari, mtoto hutoka jasho hata akiwa amelala, na nguo isiyolifyonza jasho hilo humwongezea vipele vya joto shingoni na mgongoni.

Sifa nyingine inayotajwa kwenye chupa ni kuzuia nguo zisinatane kwa umeme tuli. Tatizo hilo lipo kweli katika nchi za baridi kavu ambako watu hukausha nguo kwa mashine, lakini hapa pwani, nguo zinapokaukia kambani na hewa ikiwa na unyevu mwaka mzima, unalipia kitu usichokihitaji. Ugumu wa nguo tunaoulalamikia una sababu nyingine. Mara nyingi ni mabaki ya sabuni, na kwa wanaofulia maji ya visima vilivyochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe tatizo huwa kubwa zaidi, kwa kuwa chokaa iliyomo kwenye maji hayo hushikana na sabuni ya mche na kuacha utando mweupe kwenye nyuzi. Kumwagia kilainishi juu ya mabaki hayo ni kupaka tabaka juu ya tabaka. Dawa yake ni kusuuza mpaka maji yatoke meupe bila povu, kuikung'uta nguo kwa nguvu kabla ya kuianika, na kuianika mahali penye upepo ili isikauke ikiwa imetulia. Kanga mpya nayo ni ngumu kwa sababu ya wanga iliyotiwa kiwandani. Ifuliwe kwa maji ya moto na kusuuzwa vizuri kabla ya kumfungia mtoto, nayo italainika yenyewe. Bibi zetu walikuwa na sababu nzuri ya kuchana winda kutoka kwenye kanga zilizochakaa.

Kuhusu harufu, naelewa mvuto wake. Sisi watu wa pwani tunafukiza nguo kwa udi, na nguo inayonukia ni sehemu ya heshima ya nyumba. Hata hivyo, manukato ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya mzio wa ngozi unaotokana na mguso, na ngozi ya mtoto mchanga ni nyembamba kuliko ya mtu mzima. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni ya sabuni ya mwaka 2004 inawataka watengenezaji kutaja kwa majina manukato yanayojulikana kuleta mzio, kama vile linaloli na limoneni, yakizidi asilimia 0.01 ya bidhaa, na kutaja vihifadhi vyote hata vikiwa kidogo. Miongoni mwa vihifadhi hivyo, yaani kemikali za kuzuia bidhaa isioze, methilisothiazolinoni ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa kuwa nayo huleta mzio. Chupa niliyoinunua ilisema «manukato» tu, ikaishia hapo. Neno «watoto» kwenye lebo halimwambii mzazi chochote kuhusu kilichomo, na mtoto mwenye ukurutu, au anayetoka katika familia yenye pumu na mzio, asivalishwe nguo zilizotiwa kitu hiki, hata kile kisicho na harufu.

Wapo wanaokitumia kuficha harufu ya naftalini kwenye nguo za mtoto zilizokaa sandukuni. Hili ni jambo la hatari kuliko yote niliyoyataja. Upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, unapatikana kwa wingi katika maeneo yenye historia ya malaria, pwani yetu ikiwemo, na kwa mtoto aliyezaliwa nao, naftalini inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu na kumletea manjano kali. Nguo hizo zisiwekwe naftalini tangu mwanzo, na zile zilizokwisha kuwekwa asivalishwe mtoto mchanga, hata kama zinanukia maua.

Nguo za kulalia za mtumba zinahitaji uangalifu wa pekee. Nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, ambako nguo za watoto za kulalia zina masharti ya kutoshika moto kwa urahisi tangu miaka ya 1970, zina kitambulisho kilichoshonwa ndani kinachokataza kilainishi, kwa sababu mafuta yake hupunguza kinga hiyo. Vitambaa vyenye manyoya laini ndivyo vinavyoathirika zaidi. Katika nyumba yenye jiko la mkaa au koroboi, agizo hilo lifuatwe kama lilivyoandikwa.

Nilikoridhika nacho ni kwenye mashuka mazito, sweta na sare za mtoto wa chekechea, ambazo zilipigika pasi kwa urahisi na mikunjo ikapungua. Kitiwe kidogo kuliko kipimo cha kifuniko, katika maji ya mwisho ya kusuuzia, wala kisichanganywe na sabuni ya unga kwenye beseni moja, maana viwili hivyo vina chaji zinazopingana, hushikana, na kuacha madoa meupe ya mafuta. Anayetaka kulainisha nguo za mtoto mchanga anaweza kutia nusu kikombe cha siki nyeupe katika ndoo ya lita 20 ya maji ya mwisho. Siki huondoa mabaki ya sabuni na harufu yake huisha nguo ikikauka, ila isikutane kamwe na jiki, kwa sababu hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu. Pasi ya moto isiachwe, hasa kwenye mishono na kiunoni, kwa kuwa kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi na funza wake huingia kwenye ngozi. Kilainishi hakiyaui mayai hayo. Joto la pasi huyaua.

Ukiamua kununua, chagua chupa yenye alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), orodha ya viambato na tarehe ya mwisho ya matumizi, na uache ile inayopimwa kutoka kwenye dumu na kumiminwa katika chupa ya maji ya kunywa. Kwa rangi yake ya maziwa mtoto anayetambaa ataidhania kinywaji, na viambato vyake vinaweza kuunguza mdomo na koo.