Kizibo cha mti kwenye rejeta, milioni na laki mbili zimeenda

Jina la gereji siweki maana sitaki kesi, ila ipo Tabata na ni ile aina mnayoijua, mwarobaini mmoja mkubwa, kontena la spea, benchi la mteja kusubiria na redio ya mpira haizimwi. Nyota moja. Hiyo moja ni ya kijana wa spana aliyenishtua kimyakimya siku nachukua gari, "braza usiende nayo mbali", mi nikadhani ananitania.

Gari ni Landrover Defender 110 ya 1996, injini 300Tdi, ile dizeli ya 2.5 yenye tabo. Ilikuwa ya baba mkubwa, alipostaafu ikakaa nyuma ya nyumba Kibamba miaka minne kuku wanatagia ndani. Nikaipeleka na shida tatu, inachemsha, breki zinashuka mpaka chini, na chasisi imeoza nyuma. Bosi wa gereji akaizunguka mara moja, akapiga tairi teke, akasema "hii siku nne tu bosi, unaenda nayo mpaka Tunduma". Siku nne zikawa kumi na tisa, na kila nikipiga simu kijana "kaenda Gerezani kufata spea".

Ila siku ya kukabidhiwa aisee nilifurahi, sidanganyi. Pedali ya breki ngumu safi, mshale wa joto umelala chini kabisa, chasisi imepigwa rangi nyeusi inang'aa. Nikalipa milioni moja na laki mbili, risiti kipande cha daftari.

Jumamosi nikaondoka na mke wangu na mtoto wa dada kwenda Morogoro kwenye mahari ya shemeji, safari ya kilomita karibu 200. Kuanzia Mbezi nikaanza kuona nikikanyaga breki gari inajivuta kulia, nikasema labda upepo wa tairi. Tulipofika Maili Moja pale Kibaha mvuke huo, boneti haionekani, bodaboda wakaja kushangaa na kila mmoja ni fundi. Nikasubiri ikapoa nikafungua, maji yote yameisha, na chini ya boneti nikaokota kitu sikuelewa ni nini. Kijiti. Kijiti cha mti kimechongwa kwa kisu mfano wa kizibo, kimevishwa nailoni ya rambo na kuzungushiwa kipande cha mpira wa tyubu, bado kilikuwa cha moto.

Wenye 300Tdi wanajua, vile vizibo vya plastiki vya juu kwenye rejeta na pale kwenye themostati vinachoka na joto vinapasuka, ndiyo maana watu wanaweka vya shaba wanasahau. Sasa fundi wa Tabata kizibo kilipasuka mkononi mwake, badala ya kuniambia kaka leta hela kidogo tununue, akaenda kwenye mti. Na themostati yenyewe kaing'oa, sababu ni ule wimbo wao kwamba kwenye nchi yetu ya joto themostati haina kazi. Jamani themostati haikuwekwa kwa ajili ya baridi ya Uingereza, ipo ili injini ifike kwenye joto lake na ibaki hapo, ukiitoa dizeli inafanya kazi ikiwa baridi, inabugia mafuta, inajila yenyewe, na wewe unaangalia mshale uko chini unashukuru gari imepona kuchemsha.

Tukavutwa mpaka Ilala kwa mzee mmoja aliyekuwa anatengeneza Landrover za serikali zamani. Huyu haongei sana. Akalala chini na tochi, kama dakika kumi hivi, akaniita, "mwanangu njoo ulale hapa uone". Bomba la breki linaloenda gurudumu la nyuma kushoto limekatwa, ncha imekunjwa mara mbili na kugongwa nyundo ikabana, halafu pamepakwa grisi na vumbi juu pafanane na pengine. Kalipa, kile kibano cha breki, ilikuwa inavuja kwenye sili, dawa yake ni kununua ripea kiti yaani seti ya sili mpya, fundi wa Tabata akaona afunge njia mafuta yasifike kabisa. Ndiyo maana pedali ilikuwa ngumu! Mi nafurahia pedali kumbe gurudumu moja halina breki, nimembeba mke wangu na mtoto wa dada nyuma.

Nilikaa kimya muda mrefu pale chini.

Kwenye chasisi mzee akachukua bisibisi akasukuma taratibu ikaingia mpaka kwenye mpini, akachokoa, ikatoka fila, ile lipu ya kuzibia mashimo ya bati, halafu gazeti, gazeti la michezo kabisa, habari za usajili wa Yanga bado zinasomeka. Juu yake yule wa Tabata kabandika kibati amekichomelea vidoti vinne tu halafu rangi. Na kuna ushauri wa kupima fila kwa sumaku, isiposhika ujue kuna fila, huo hufanya kazi hapo kwenye chasisi maana ni chuma, kwenye bodi ya Defender usihangaike, sehemu kubwa ni aluminiamu haishiki sumaku hata ikiwa nzima.

Ukiangalia kila alichofanya kilikuwa cha kunituliza mimi niliyekaa kwenye usukani, pedali, mshale, rangi. Huyo ndiyo fundi maiko, fundi wa kubabaisha, wa kiwango cha juu, kuna akili nyingi pale zimepotea njia. Angesema ukweli kwamba hela yako haitoshi kazi zote tatu tuanze na breki, ningemuelewa na ningerudi.

Mzee amekata kile kipande cha nyuma akachomelea chuma kipya, breki zote kafungua, vizibo vya shaba, themostati mpya, laki tisa na themanini na spea zilizobaki kanirudishia kwenye mfuko.

Nilirudi Tabata na kile kijiti mkononi. Bosi akakiangalia, akacheka, "lakini si kilikufikisha Kibaha?" Mwisho akatoa laki na nusu, nyingine kesho. Hiyo kesho ina wiki ya tano sasa, simu hapokei, ila juzi kanitumia meseji anauliza kama ile Landrover nauza, ana mteja.