Kamba nene ya katani kwa mtu wa karate: uzoefu wangu hapa Tanga

Kama unafanya karate na umefika mahali ngumi haziongezeki uzito hata ukizirudia jioni nzima, nunua kamba nene ya katani. Yangu ninayo tangu kabla ya masika. Katika vifaa vyote nilivyowahi kuongeza kwenye mazoezi, hiki ndicho ningekinunua tena kesho.

Ni kamba ya meli tu, ile ya nyuzi tatu zilizosokotwa, unene milimita 38, urefu mita 12. Uzito wake ni kama kilo moja kwa kila mita. Nimeipata kwenye duka la vifaa vya uvuvi, inakatwa kwa mita, na bei yake haifiki hata robo ya zile nyeusi za plastiki zinazoagizwa nje kwa ajili ya jimu. Mkonge uko hapa mkoani kwetu tangu 1893, ulipopandwa Kikogwe, Pangani, kwa hiyo sioni sababu ya mtu wa Tanga kuagiza kamba kutoka mbali.

Unaizungusha kwenye mti au nguzo, mita sita zinabaki kila upande, unashika ncha mbili na kupeleka mawimbi. Hapo ndipo kamba inapokuonyesha ukweli. Ukitumia mabega peke yake, wimbi linafia katikati. Ukikanyaga vizuri, magoti yakalegea na kiuno kikatangulia mkono, wimbi linakwenda mpaka kwenye nguzo na unalisikia likigonga. Ngumi ya hewani haikupi jibu la namna hiyo. Unaweza kuipiga vibaya mwaka mzima na isikwambie kitu. Sensei wetu, mzee asiyependa vifaa vipya, aliitazama kimya, akaishika mwenyewe, kisha akasema: “Hii haitaki mabega, mwanangu. Inataka kiuno.” Siku iliyofuata akaiingiza kwenye mazoezi ya mikanda ya kahawia.

Wapo wanaosema kuchanganya mazoezi kunaharibu asili ya karate. Sikubaliani nao hata kidogo. Sisi ni wa Goju-ryu, mtindo mmoja wa karate, na Chojun Miyagi, mwanzilishi wake, aliyefariki 1953, aliacha urithi wa vifaa vya nguvu kibao: chi ishi, ambayo ni fimbo yenye uzito upande mmoja, mitungi ya kushika kwa vidole, makiwara ya kupiga ngumi. Chi ishi yangu nimeitengeneza kwa mpini wa jembe na saruji iliyomwagwa kwenye kopo la maziwa. Mchanganyiko umo ndani ya karate yenyewe. Tunachotakiwa ni kila kifaa kirudi kwenye ngumi, teke na pumzi.

Kamba naipa siku moja au mbili kwa wiki, si zaidi. Natumia mpangilio wa Izumi Tabata na wenzake, waliochapisha utafiti wao 1996: sekunde 20 kwa nguvu zote, 10 za kupumzika, mizunguko saba au minane. Wao walitumia baiskeli ya mazoezi, lakini kwenye kamba nako utahema. Baada ya hapo nafanya taratibu Sanchin, kata (mfuatano wa mapigo uliopangwa) inayokazia pumzi, mikono ikiwa bado inatetemeka, na hapo pumzi inajifunza kutulia kwa lazima. Siku nyingine ni kata, mfuko wa ngumi, kuruka kamba, na mbio za ufukweni Raskazone maji yakipwa.

Kasoro zipo. Nyuzi zake zinachoma, na wiki za mwanzo viganja vinawaka. Mimi nimefunga ncha kwa tyubu kuukuu ya baiskeli na tabu hiyo imeisha. Inapukutisha vumbi la nyuzi, kwa hiyo ukumbini inachafua sakafu. Ikiwa mpya inanuka mafuta ya kulainishia katani. Adui yake mkubwa ni unyevu: ikilowa inakuwa nzito, na ikiachwa mbichi inaoza kutokea ndani. Usiipeleke mchangani pia, chembe zinaingia kati ya nyuzi na kuzikata polepole. Mimi natandika turubai chini, nikimaliza naining’iniza penye upepo. Ya plastiki haina tabu hizi, hilo nalikubali, na kama huna mahali pakavu pa kuitunza basi chukua hiyo. Mwenye bega bovu amwone daktari kwanza. Watoto na wanaoanza wachukue ya milimita 25.

Dukani ifungue kidogo msokoto uangalie ndani: nyuzi ziwe na rangi ya krimu, sio kijivu wala madoa meusi. Kisha omba uzi mmoja uuchome. Katani tupu inaungua na kuacha majivu. Iliyochanganywa na plastiki inayeyuka na kuganda kuwa kidonge kigumu, na hiyo usiilipie bei ya katani.