Makumbusho ya Mahusiano Yaliyovunjika, Zagreb: hakuna anayekuambia usahau

Tangu mchumba wangu alipovunja uchumba wetu, kila aliyenipigia simu kutoka Tanga alinipa neno moja tu, sahau, nami nilikuwa nimeshindwa. Jina lenyewe la mahali hapa lilinitia shaka, kwa kuwa makumbusho ni mahali pa kukumbushwa, na kumbukumbu nilikuwa nazo za kunitosha. Hata hivyo nilipanda basi kutoka Vienna, ninakoishi, hadi Zagreb, mji mkuu wa Kroatia, nikapandisha mpaka mji wa juu, mtaa wa Ćirilometodska, karibu na Kanisa la Mtakatifu Marko.

Waanzilishi wake, Olinka Vištica na Dražen Grubišić, walikuwa wapenzi. Walipoachana mwaka 2003 walijiuliza jambo ambalo kila aliyeachana amejiuliza, yaani vile vitu walivyokuwa navyo pamoja vipelekwe wapi, akiwemo sungura mdogo wa kuchezea, wa kutiwa ufunguo. Wakaomba na marafiki walete vya kwao, wakavionyesha kwa mara ya kwanza mwaka 2006, na mwaka 2010 makumbusho ya kudumu yakafunguliwa.

Vitu vinavyoonyeshwa vimetolewa na watu wa kawaida kutoka nchi nyingi, na kila kimoja kina maelezo yaliyoandikwa na mwenyewe bila kutajwa jina, kwa Kikroatia na Kiingereza. Nilisimama muda mrefu zaidi mbele ya shoka kutoka Berlin. Mwenye shoka hilo aliachwa na mpenzi wake, ambaye alikwenda likizo na mwingine huku samani zake zikibaki ndani ya nyumba. Basi kila siku aliyoachwa peke yake akapasua samani moja, na mwenye samani aliporudi kuzichukua akakuta mafungu ya vipande vya mbao yaliyopangwa vizuri. Sikucheka, ingawa najua wapo wanaocheka. Niliona hasira yangu mwenyewe imewekwa hadharani, kwenye mwanga, na wageni wanaipita kwa heshima kama wanavyopita mbele ya kitu cha thamani.

Hapo ndipo ninapoyasifu makumbusho haya kwa moyo wote: hayatoi ushauri, na hayakuhesabii miezi uliyokwisha kulia. Si vyote humo vya wapenzi, kwani vipo pia vya watoto na wazazi wao, na vya waliotengwa na kifo, kwa hiyo mfiwa naye hatajiona mgeni. Anayekwenda asome polepole, na ikiwezekana aende peke yake, kwa sababu mwenzi mwenye haraka atakuvuta mkono pale pale ulipoanza kupumua.

Makumbusho hupokea vitu kutoka kwa yeyote, pamoja na maelezo yake. Mimi nina doti ya kanga aliyoniletea mchumba wangu siku ya posa, yenye jina lisemalo mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Kipande kimoja nilikifanya tambara la jikoni kwa hasira, na cha pili kimekunjwa sandukuni mpaka leo. Usiku ule niliporudi Vienna nilikitoa, nikakitandaza juu ya meza, nikaanza kuandika maelezo yake kwa Kiswahili. Nimefika sentensi ya tatu.