Fyuzi ya TAIL kuungua kila asubuhi: uzoefu wangu na DX ya zamani na mafundi watatu wa Nakuru

Wueh, wacha niandike hii nikiwa bado nakumbuka vizuri, manake nimehangaika karibu miezi miwili na pesa imeenda, na mwishowe shida ilikua kipande cha waya kisichozidi urefu wa kidole.

Gari ni Toyota DX, wagoni ya 1996, namba za KAR, zile zilikua zinabeba kila kitu kabla Probox haijaingia. Mimi nayo nabeba mayai. Natoka Bahati saa kumi na moja alfajiri ukungu umejaa barabarani, nashuka Maili Sita hadi mjini Nakuru nikigawia maduka na vibanda vya chapati. Siku moja niko njiani dashibodi ikazima, nikawa sioni spidi wala mafuta, lakini mbele taa kubwa zinawaka sawa kwa hivyo nikaendelea tu. Ni dereva wa matatu alinipita akinipigia honi kama mwenye wazimu na akinionyesha nyuma kwa mkono. Kusimama kuangalia, taa za nyuma hakuna. Nikikanyaga breki zinawaka, nikiachilia giza totoro, na hio barabara ina malori.

Kwa wale hawajui, kwa hii gari taa ndogo za mbele, za nyuma, ya namba na zile za dashibodi zote ziko kwa fyuzi moja imeandikwa TAIL, ya amp 15, rangi ya bluu. Breki ina fyuzi yake na taa kubwa zina zake, ndio maana unaweza kuendesha hata wiki hujajua nyuma hauonekani.

Fundi wa kwanza ni wa garaji moja mjini sitaitaja. Alibadilisha fyuzi akachukua mia tatu, kesho yake ikaungua tena. Nikarudi, akasema ni swichi ya taa, ile ya kwa usukani, akaniuzia ya mtumba 2,500 na kuifunga 500. Siku mbili, ikaungua. Nikarudi mara ya tatu nimekasirika sasa, akachomoa ile ya bluu akaweka ya kijani akaniambia, "Hii sasa haitakusumbua tena madam." Mimi nikashukuru! Sikujua kijani ni amp 30. Kweli haikuungua, lakini siku ya tatu nikaanza kusikia harufu ya plastiki ndani ya gari, nikadhani ni breki, kumbe ni waya zinapata moto. Fyuzi kazi yake ni kufa mapema ndio waya zipone, sasa ukiiwekea mara mbili ya kipimo, waya ndio unageuka fyuzi, na waya unapita chini ya kapeti na viti. Nilizima taa hapo hapo nikangoja kupambazuke nikiwa kando ya barabara na trei sitini za mayai.

Wa pili sina mengi, alitaka kufunga fyuzi iliyoungua na ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Nikamwambia asante nikaondoka.

Hapo katikati nikajifanya fundi mwenyewe, nikanunua multimita ya 700, kile kifaa cha kupima umeme, nikafuata maelekezo ya video nikapima waya zote za TAIL jioni nikiwa nyumbani, hakuna shoti popote, yaani hakuna waya wa umeme unagusa bati. Kila kitu safi. Nikaweka bluu mpya, asubuhi ikaungua. Karibu nilie. Wacha niseme tu hio multimita haina makosa, makosa ni kwamba nilipima gari ikiwa imetulia na milango imefungwa, utaona kwa nini.

Sasa huyu wa tatu. Ni mzee wa wayaringi pekee, yuko jua kali, hana hata bango, nilielekezwa na mteja wangu wa chapati. Kitu kilinishangaza ni kwamba hakushika spana. Aliomba fyuzi zilizoungua, bahati nzuri nilikua nazo nne kwa droo, akaziinua kwa jua akaniambia angalia hii masizi meusi ndani, hii imekufa kwa shoti, ingekua ni mzigo mkubwa wa umeme waya wake ungeyeyuka polepole bila kuchafuka hivi. Alafu akahesabu na vidole, balbu za nyuma wati tano tano, za mbele tano tano, za namba, ongeza vidude vya dashibodi, zote pamoja ni kama wati 40, gawa kwa volti 12 hata amp nne hazifiki. "Sasa mama, amp nne zitaunguza fyuzi ya 15 namna gani?" Hata mimi nikaona hio swichi ya 2,500 ilikua ya bure.

Akaniuliza inaungua wakati gani. Nikamwambia asubuhi. Asubuhi wapi? Nikafikiria, nikagundua haijawahi kuungua kabla ya mteja wa kwanza, kila mara nikitoka kwake nikielekea kwa wa pili ndio naona dashibodi imezima. "Na kwa huyo wa kwanza huwa unafanya nini?" Nikasema nafungua nyuma natoa trei. Mzee akacheka, mimi pia ikaniingia.

Lakini hakukimbilia kukata waya, na hapo ndio nampea maua yake. Alichukua balbu ya indiketa, ile ya wati 21, akaifunga waya mbili akazichomeka kwa mashimo ya fyuzi. Balbu ndogo za nje akazitoa zote ili kubaki na za dashibodi peke yake. Akawasha taa, balbu yake ikawa na kamwanga hafifu tu. Akaniambia hio ikiwaka kwa nguvu ujue tumepata mwizi, na haitachoma kitu sababu balbu yenyewe haipitishi hata amp mbili. Akatikisa waya chini ya usukani, hakuna. Akavuta zile za kando ya kiti, hakuna. Akaniambia fungua mlango wa nyuma polepole. Ulipofika nusu hivi, balbu ikawaka pwaa! Nikirudisha chini, inafifia. Juu, inawaka. Nilicheza na huo mlango kama mtoto.

Pale juu kwa bawaba kuna mpira unapitisha waya kutoka bodi kwenda mlangoni. Kuuvuta, ndani waya zimekakamaa na kupasuka sababu ya miaka karibu 30 ya kufungua na kufunga, na ule wa taa ya namba umechubuka hadi shaba inaonekana na inagusa ukingo wa bati lenye kutu. Mlango ukifungwa waya unajikunja mbali na bati, ndio maana multimita yangu haikuona kitu.

Hakuzungushia tepu. Alikata sehemu mbovu za waya nne, akaunga vipande vipya vya unene ule ule, akachoma na risasi, akavalisha mipira ya kubana kwa moto, na viungo akavipanga visikae mahali pamoja ili mpira urudi vizuri. Akarudisha fyuzi ya bluu. Na waipa ya nyuma, ambayo sijawahi kuiona ikifanya kazi tangu ninunue gari, ikaanza kupiga. Ilikua waya wake umekatika hapo hapo. Yote 1,500.

Malalamiko ninayo pia. Aliniambia nije saa tatu akatokea saa tano kasoro, risiti hakuna, M-Pesa anakubali lakini ananuna. Na wakati wa kufungua plastiki ya ndani ya mlango alivunja klipu mbili hakusema, nilijua tu nilipofika kwa murram ya nyumbani ikaanza kugonga. Lakini kwa kazi ya umeme nitarudi kwake nikiwa nimefumba macho, na sasa ni mwezi wa tano sijabadilisha fyuzi.

Ile plastiki nayo nimekunja kipande cha trei ya mayai nikakisukuma hapo. Haigongi tena.